Shubiri Kifuani

Jumatatu, 5 Agosti 2024
Kliniki leo. Suhail wangu kawashinda wote! Miezi tisa tu, mapaja mikunjo mitupu. Nesi kampakia mizanini, kacheka: "Mama Suhail, huyu wamlisha nini?" Ziwa langu, nikamwambia, na uji kidogo. Jirani yangu Ruweida kanifinya, ati natafuta kijicho. Na wakodoe! Mie shule nimeishia fomtuu, lakini kulea najua.

Jumatano, 14 Agosti
Nina mimba. Nimetapika mbele ya mama mkwe, Bi Mize — basi, siri imekwisha. Kamchomoa Suhail kifuani hapohapo, mdomo umejaa maziwa! Ati maziwa sasa ni ya aliye tumboni. Nikiendelea kumnyonyesha nitambemenda Suhail, miguu imlegee, watu wanicheke. Nikasema nesi kliniki hufundisha kuwa hayadhuru. "Nesi kazaa wangapi?" Hafidh, mume wangu, macho kwenye simu.
Mie niitwe aliyembemenda mwanawe? Mie!

Ijumaa, 16 Agosti
Shubiri chungu nimejipaka mwenyewe kifuani, aache ziwa. Suhail kaja anacheka, kaonja — uso ule! Kanitazama kama mie si mie. Karudi, kaonja tena. Kisha hakuja.
Bi Mize kanisifu, ati nina moyo. Nilifurahi, wallahi. Kesho anaondoka naye kijijini kwao Makangale, mpaka asahau.

Jumapili, 25 Agosti
Maziwa bado yanavuja. Nakamua, namwaga migombani. Nimepiga simu. Bi Mize kasema Suhail katulia, halii tena. Nikamtambia Ruweida: mwanangu mpole, halii! Hakucheka. Kauliza, anakula?
Sikuuliza.

Jumamosi, 31 Agosti
Tumefika Makangale, mie na Hafidh. Mikunjo ya Suhail imekwisha, ngozi inaning'inia. Uji anautema, maziwa ya ng'ombe anayatapika. Sikumjua — mie mamake! Hakuninyooshea mikono.
Bi Mize kanishika miguu, analia. "Mnyonyeshe, mwanangu. Maneno ya watu ntayabeba mie."
Nimekosha kifua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa sabuni tena. Nimempakata. Maziwa yakamdondokea shavuni. Kafumba mdomo, kageuza uso.
Hafidh kenda kutafuta gari ya kutupeleka hospitali. Naandika huku kalala mapajani, macho wazi, anaangalia ukuta. Kila nikiweka kalamu chini natia kidole kwenye maziwa, nalamba mwenyewe, anione. Matamu, baba. Tazama, mama anakula. Matamu —