Mjumbe wa Tatu

Detroit, 9 Septemba

Mwanangu Renetta,

Salamu nyingi. Habari za Chicago, na kifua chako je? Mimi mzima, goti tu linanisumbua mvua ikinyesha. Jumapili akina mama wa kanisani waliniletea kambare wa kukaanga na mkate wa mahindi, wakanisimamia mpaka nikamaliza. Wanadhani mgane hajui kupika.

Shuleni wamekuja wakaguzi. Mkubwa wao ni binti mdogo, Bi. Nowak, mpole, lakini macho hayo! Mahesabu ameyapitia siku mbili, akasema safi. Sasa anataka kumbukumbu za vikao vya bodi vya mwaka mzima, aone kama kila uamuzi ulipita kwa akidi. Katibu ni mimi. Nakuuliza wewe mkaguzi mwenzao: kumbukumbu ya zamani ikiwa na kosa dogo la majina, mtu anaruhusiwa kuichapa upya? Nijibu upesi, anazitaka tarehe kumi na tisa.

Baba yako


Chicago, 12 Septemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona, usijali. Pole na goti, na uende kwa daktari, si kuniahidi tu.

Usiguse karatasi hata moja! Ukibadilisha waraka baada ya mkaguzi kuuomba, hilo ni kosa kubwa kuliko kosa lenyewe. Majina gani hayo? Na mbona hukupiga simu? Wewe ukianza kuandika barua, mimi huanza kuogopa.

Binti yako, Renetta


Detroit, 20 Septemba

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Niliandika kwa sababu kwenye simu ungeisikia sauti yangu.

Bodi yetu ni watu watano, na kanuni inataka watatu wawe ndani ya chumba ndipo uamuzi usimame. Bwana Eubanks alihamia Atlanta, Bi. Purnell mgonjwa, hao huwa kwenye simu, na wa kwenye simu hahesabiwi. Waliokaa chumbani miaka yote ni Mchungaji Tolliver, mimi na mama yako. Unakumbuka nilivyokuwa nikifanya: naandika kumbukumbu mchana, jikoni, kabla kikao hakijakaa, mama yako akinicheka, "Lucius, leo nimesema nini?" Mchungaji anatoa hoja, Ardelia anaunga mkono. Haikuwahi kuwa vingine.

Tulimzika Novemba. Desemba nikakaa mezani nikaandika kama kawaida, na nilipofika pa kuunga mkono nikaandika jina lake. Ningependa kukudanganya kwamba nilisahau. Sikusahau. Nilijua tumebaki wawili, nilijua kuna mwalimu wa kuajiri kabla ya Januari, na nilitaka kuliona jina lake. Mchungaji alitia sahihi bila kusoma. Januari nikaandika tena. Vikao saba mpaka Juni, mama yako yumo vyote.

Watoto mia tatu na arobaini wanasoma pale. Chuo kikuu kilichotupa kibali cha kuendesha shule kikijua kwamba akidi yetu ilikuwa ya marehemu, kinaweza kutufungia. Picha ya mama yako iko ukumbini pale shuleni. Siku hizi napita mlango wa nyuma. Jana nilimwambia Bi. Nowak faili nimelisahau nyumbani. Uongo mwingine huo.

Baba yako


Detroit, 8 Oktoba

Renetta mwanangu,

Hujambo? Napiga simu, inaita tu. Sikulaumu. Mtu wa kazi yako, halafu baba wa namna hii.

Bi. Nowak amenipa mpaka tarehe kumi na tano. Leo aliniletea kahawa mwenyewe, akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni goti tu.

Baba yako


Chicago, 11 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kunyamaza. Tafadhali usiseme tena kwamba nakuonea aibu.

Januari ulinitumia kumbukumbu ya Desemba nikusahihishie maandishi kabla haijawekwa kwenye tovuti ya shule. Umesahau? Mimi sijasahau, hata nilipokuuliza majina gani nilikuwa najua. Niliona: "Ardelia Mosby, yupo." Mimi, ninayelipwa kuona mambo kama hayo! Niliusoma mstari ule nikalia, nikarekebisha koma mbili, nikakurudishia: "Safi, Baba." Ningesema siku ile, lingekuwa kosa moja la mzee mwenye msiba. Nilinyamaza, yakawa saba.

Na wiki hizi tatu sikuwa na hasira nawe. Nilikuwa natafuta namna ya kukuacha uubebe mzigo huu peke yako, jina langu lisitajwe. Ndiyo, binti yako huyu. Naona haya hata kuandika.

Nimemwandikia Bi. Nowak kila kitu, kwa jina langu. Barua naituma Jumatano. Nakuomba utangulie wewe, Baba. Ukisema mwenyewe, wewe ni katibu aliyekiri. Nikisema mimi, wewe ni katibu aliyekamatwa.

Binti yako, Renetta


Detroit, 21 Oktoba

Mwanangu mpenzi,

Salamu, na pole. Barua yako kwa Bi. Nowak ilifika Ijumaa. Namwomba Mungu wakubwa wako wa kazini wakuonee huruma.

Mimi nilitangulia kama ulivyoniomba, Jumanne. Alikuwepo Bi. Nowak, Mchungaji, na mtu wa chuo. Nikasema, "Mke wangu alifariki Novemba, nami nimemkalisha kikaoni mpaka Juni." Mchungaji akasema, "Lucius! Nami nilitia sahihi!" akafunika uso. Chuo hakijatufungia. Wametupa siku sitini: wajumbe wapya, na kila uamuzi upigiwe kura upya. Ukatibu nimeuacha kabla sijaambiwa. Habari imeshaenea. Odell kinyozi, ambaye hajawahi kufunga mdomo, Jumamosi alinikata nywele kimya kimya, nami sikuthubutu kutazama kioo.

Karatasi hazichapwi upya, ulisema kweli. Bi. Nowak alinipa kalamu nyekundu: nipige mstari juu ya jina, nitie sahihi pembeni, kila ukurasa. Mazishini sikulia, unakumbuka watu walivyonisema. Ukurasa wa kwanza niliweza, na wa pili. Wa tatu nikaiweka kalamu chini, Bi. Nowak akauliza kama anisaidie. Nikamwambia, "Hapana, binti yangu, nilimwandika mimi." Nikamfuta mama yako mara saba. Kisha nikawaomba watoke, wakatoka wote, nikalia.

Baba yako