Aliyekuwa Chini ya Msumeno

Mdogo wangu Mulonda, mtoto wa mama yangu,

Usishangae mwandiko. Ni wa Furaha, mjukuu wangu, yule uliyemwacha akitambaa. Mimi shule niliishia darasa la pili, unajua. Yeye anaandika, mimi nasema, na akijaribu kulainisha neno langu namkata jicho.

Furaha anasoma Mbarara. Likizo hii amerudi na daftari. Mwalimu wao amewatuma wakaulize wazee: lile Jitu Mkata-Miti linalosimuliwa hapa kambini Nakivale lilianzia wapi? Lilikuwa mtu kweli? Kumbe hadithi imepanda gari! Hata watoto wa wauza vitambaa wa Kiislamu kule mjini wanaijua. Jitu lilipasua mbao peke yake kwa msumeno wa watu wawili. Ziwa letu ni shimo lake la kupasulia, na ukungu wa asubuhi ni vumbi la mbao zake. Majirani wakabishana hapa uani kwangu. Mmoja anasema jitu lilitoka Burundi. Mwingine anasema lilikuwa hapa kabla ya sisi wakimbizi, hata ng'ombe wa Wanyankore, wenyeji wa hapa, walilikimbia. Mimi nikachambua maharagwe. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza.

Jitu ni wewe, Mulonda. Na aliyelizaa ni mimi.

Unakumbuka mwaka tuliofika, vita vya tisini na sita vikinuka bado nguoni mwetu? Ulibeba msumeno kutoka kwetu Fizi, umeufunga kwa matambara kama mtoto mchanga. Mtu wa kuuvuta nawe, mume wangu, tulikuwa tumemzika njiani. Ukakaa siku nyingi ukiutazama tu. Mbao hazipasuliwi na mtu mmoja: mmoja husimama juu ya gogo, mwingine chini shimoni. Nikavaa patalo, ile suruali ya marehemu, nikafunga kitambaa usoni, nikashuka shimoni.

Ulinicheka, mimi dada yako mkubwa, hadi ukakaa chini. “Yaya, mama wa kwaya na patalo! Pasta akikuona?”

“Vuta musumeno, mujinga wewe. Pasta hatatujengea nyumba.”

Tulifanya hivyo alfajiri, kule bondeni nyuma ya miiba. Vumbi lilinijaa machoni na kifuani. Wewe ulikuwa juu, mrefu kama mlingoti, ukiimba ili nisipoteze mwendo. Nikichoka ulijua, ukapunguza bila kusema. Jua likitoka nilikuwa nimeshaoga, nimevaa kitenge changu, nikienda kisimani kama mama mheshimiwa.

Pale kisimani ndipo nilipolizaa jitu. Wanawake waliniuliza, “Mama Neema, kaka yako anapasulaka mbao na nani? Hatuonake mutu.”

Ningesema nini? Mama wa kwaya, mjane, ndani ya shimo la wanaume? Nikainua kidevu. “Peke yake. Mukono moja juu, mukono moja chini. Kwetu batu biko na nguvu!”

Wakapiga vigelegele. Hadithi ikaninogea mdomoni. Kila siku nikaongeza: amebeba gogo begani kama fimbo, mti ukimwona unalala wenyewe. Watoto wakaanza kukufuata njiani wakikupima nyayo. Wewe ulicheka, ukaniambia, “Yaya, unanirefusha mingi, mulango utanishinda.” Hata hivyo hukunikatalia. Na wewe una kosa lako! Ungenifunga mdomo mapema.

Kisha ikaja ile siku ya posho. Nilikwenda Base Camp, wanakogawa chakula, na kadi zetu mbili, nikasimama mstarini toka asubuhi hadi jua kuchwa. Ulibaki kuezeka nyumba yangu. Kesho yake akaja yule mzee wa ng'ombe mwenye shamba la mikaratusi upande wa Kabingo. Miti yake mitatu ilikuwa imeangushwa, imepasuliwa palepale, mbao zimekwenda.

Mwenyekiti wa kijiji akakusanya watu. Wapasuaji wote walikuwa na jibu moja: jana, katika kila wawili, mmoja alikuwa mstarini na watu walimwona. Msumeno bila mwenzake ni chuma tu. Ndipo mwanamke mmoja wa kisimani, si kwa ubaya, akasema, “Lakini Mulonda anapasulaka peke yake. Dada yake mwenyewe alituambia.”

Mzee wa ng'ombe akakutazama juu mpaka chini. “Hii ndiyo ile mutu kubwa? Kweli, hii inaweza.”

Mwenyekiti akanigeukia. “Mama Neema, ni kweli anafanya peke yake?”

Neno moja tu, Mulonda. Ningesema: hawezi, mwenzake ni mimi, na mimi jana nilikuwa mstarini, nusu yenu hapa mliniona. Ungekwenda nyumbani. Lakini niliiona kwaya yote imesimama pale, na mke wa pasta. Niliiona ile patalo kama nimeivaa mbele yao. Wewe ulinitazama. Hukuniomba. Ulitikisa kichwa kidogo sana, kana kwamba unaniambia, acha, yaya, tunza heshima yako.

Nikasema, “Ni kweli.”

Wakachukua msumeno wako kuwa fidia. Hukungoja wakufukuze. Uliifunga shuka yako, ukanishika mkono, ukasema, “Paa la upande wa jikoni halijaisha, yaya. Mvua isikukute.” Basi. Ukaenda. Mtu mmoja aliniambia amekuona Mbarara ukipakia magunia, umekonda, umepinda mgongo. Nilikwenda mara mbili, nikakukosa. Mara ya tatu sikwenda. Niliogopa kukupata.

Upande wa jikoni nimeuacha vilevile miaka yote hii. Mvua inaingia. Majirani wananiita mzee mkaidi, mimi nawaambia waangalie mapaa yao.

Leo Furaha ameandika daftarini: “Jitu lilikuwa na dada.” Nikamwambia futa. Andika hivi: Hapakuwa na jitu. Palikuwa na watu wawili, mmoja juu na mmoja chini. Wa juu aliitwa mwizi kwa sababu wa chini aliona aibu. Furaha ameacha kuandika, ananitazama, machozi yamemjaa. Andika, mtoto, usinihurumie.

Jumapili barua hii Furaha ataisoma kanisani, mbele ya kwaya. Akimaliza ataipeleka kwa mwalimu wake, na yeyote wa Mbarara anayekufahamu akufikishie. Patalo ninayo bado. Nitaivaa siku hiyo, nisimame nayo mbele, mke wa pasta aone.

Usinisamehe haraka, mdogo wangu. Rudi kwanza unigombeze.

Ni mimi dada yako mkubwa, mwenzako wa shimoni.