Sufuria Aliyoshinda Shosho Wako

Mpendwa Njeri,

Huku Kiamunyi tu wazima, ila jogoo wetu siku hizi anawika baada ya chakula cha mchana. Ujumbe wako ulinishtua hadi nikamwaga chai. Ati unataka kujiunga na klabu ya kulenga shabaha, ila unaogopa kuchekwa!

Nilishtuka hivyo mara moja tu. Kabla hatujaoana, nilimpeleka shosho wako, huyu nyanya yako, kwenye maonyesho ya kilimo Nakuru. Kulikuwa na kibanda cha kulenga mikebe kwa bunduki ya upepo. Nikavua koti ili nionekane dume, nikakosa mikebe yote. Shosho wako akaomba bunduki. Vijana wakaangua kicheko: "Siste, hiyo si mwiko wa ugali!"

Mikebe mitatu ikaanguka, mmoja baada ya mwingine. Koti likaniponyoka mkononi. Akapewa sufuria.

"Umefanyaje?" nikamuuliza.

"Wewe ulikuwa unaangalia watu," akasema. "Mimi nilikuwa naangalia mkebe."

Kwa hivyo sikukatazi, mama. Jiulize tu ukifika huko utakuwa unaangalia nini. Chai niliyomwaga ilichemshiwa kwa sufuria hiyo hiyo. Na sasa nimeshtuka tena: shosho wako anauliza kama klabu yenu inachukua wazee.

Ni mimi babu yako, Guka asiyejua kulenga.