Plagi ya Tatu Imegoma Kutoka

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla mavuno hayajaanza, maana moyo unanidunda kwa furaha na hofu kwa pamoja na sijui nianzie wapi. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tisa, nalima machenza kwenye matuta ya mlimani hapa Uwajima, na tangu mume wangu aumie mgongo nimekuwa mtu wa kuomba majirani wanishushie mzigo, mpaka mwezi uliopita nilipopata leseni na kununua kilori kidogo cheupe kilichotumika, changu mwenyewe, kutoka kwa Mzee Hyodo, fundi wetu wa miaka arobaini, ambaye breki za mlima mzima zimepita mikononi mwake. Nilimwuliza kama plagi zimebadilishwa, akanijibu, "Zote tatu mpya, mama. Wewe endesha tu."

Basi chama cha ushirika kikatuita akina mama kufundishwa kutunza magari, nikarudi mikono ikiniwasha kujaribu, nikangoja injini ipoe, nikainua kiti maana injini yake iko chini ya kiti, nikachomoa koili ya kwanza inayofunika plagi, nikazungusha spana, plagi ikatoka safi, ncha yake bado ina kona kali. Mshauri, nilicheka peke yangu mpaka mume wangu akauliza kutoka ndani nimepatwa na nini! Ya pili nayo mpya. Ya tatu, ile ya pembeni kabisa ambako mkono lazima uingie umepinda, ikagoma. Nikamulika, nikaona imeshikwa na kutu, na kichwani ina mikwaruzo mibichi ya spana iliyoteleza mara nyingi, nikajua mzee alijaribu ikamshinda, nikakumbuka alivyonikabidhi funguo, zikilia mkononi mwake kwa kutetemeka. Nikarudishia kila kitu, nikashusha kiti. Alipopita kuuliza hali ya gari nikasema linakwenda vizuri sana. Sasa nikisema, namvunjia heshima mtu aliyetufaa siku za shida, nikinyamaza, je, hizo breki za watu alizozifunga kwa mikono hiyo? Na nilikosea kukagua baada ya mtu kunipa neno lake?

Mwenye Kilori, Uwajima

Mwenye Kilori, hongera, na mikono yako idumu. Hukukosea hata kidogo. Gari lililotumika hukaguliwa hata kama muuzaji ni mama yako mzazi. Ila hapo pa "linakwenda vizuri sana" umeniudhi. Yeye kakudanganya, wewe ukamdanganya, mkabaki mnachekeana juu ya kutu, na barabara zenu nazijua: ukikosa kona unatua juu ya paa la mtu.

Jambo lako halikuweza kungoja gazeti, ndiyo maana nilikupigia simu. Nilikuagiza uende kwake asubuhi, peke yako, usimshtaki, useme lililokupata wewe. Ukaenda, ukamwambia, "Mzee, plagi ya tatu imenishinda." Ulinisimulia kwamba aliondoa birika motoni, ndipo akasema, "Hata mimi. Mikono hii haikamati tena, na nimeogopa kumwambia mtu."

Mkatia mafuta ya kulegeza kutu, mkaiacha ilale. Kesho yake yeye akaelekeza, wewe ukazungusha, kidogo mbele, kidogo nyuma, bila kulazimisha, na ikatoka nzima. Ulinipigia ukishangilia hivi kwamba niliweka simu mbali na sikio, na ofisi nzima ikakupigia makofi.

Haya, sasa tulia unisikilize. Kazi haijaisha. Wiki hii, ukiwa umekaa kando yake, Mzee Hyodo awapigie wote aliowatengenezea breki mwaka huu, mmoja mmoja, awaombe wazipeleke zikakaguliwe gereji ya mjini. Itamuuma, lakini ni afadhali wasikie kutoka kwake. Ikifika Jumamosi hajamaliza, piga wewe. Na chenza hata moja lisishuke mlimani kwa kilori chako mpaka breki zake zitazamwe kwanza, kwa sababu na hizo alizifunga yeye.