Shati la Papy chini ya mihogo

Yvette, uko wapi? Jibu basi.

Mvua na upepo wa jana vimeng'oa mihogo yote ya nyuma ya nyumba. Asubuhi nikaenda kuisimamisha, nikaona mfuko wa plastiki ndani ya shimo.

Ndani iko shati. La Papy, Yvette! Shemeji yangu Papy! Lile la njano alilovaa 2008, wakati ule wenyeji wa hapa wanaua wageni, alipoenda kazini kule viwandani Jacobs, asirudi. Lina damu, imekauka.

Nikamuita bwana yangu Urbain. Hakushtuka hata kidogo! Eti, "Mwili wa mdogo wangu sikuupata. Nilipata shati. Mtu hawezi kukosa kaburi, nikamzika hapo."

Miaka mitano bwana yangu ananiambia Papy yuko Cape Town!

Nikauliza, na mihogo? Eti, "Nilitaka kaburi liwe na alama."

Alama! Na sisi tunachuma sombe, majani ya mihogo hiyo hiyo, kila wiki. Wewe mwenyewe Noeli ulikula sahani mbili.

Eish, leo dimanche, Jumapili. Mama yao anapiga kutoka kwetu Uvira, kama kila Jumapili, kumuulizia Papy. Urbain amekumbatia shati, ananinyooshea simu.

Eti, "Pokea wewe. Mwambie Papy anamsalimia."