Mbwa ni wangu, mapasa hawana

Jumapili. Baridi kavu, vumbi mpaka ndani ya sukari.

Yaya, dada yangu mkubwa, unisamehe. Tangu Pasaka sijaandika hata mstari mmoja katika daftari hili ulilonipa ili ulisome kila treni inapolifikisha Lubumbashi. Hapakuwa na ugonjwa. Nilichoka tu, tena nilikuwa na haya juu ya jambo la mbwa.

Unakumbuka mwanangu Kabange aliumwa na mbwa wa jirani kabla ya Noeli. Kidonda kilipona, woga haukupona. Hatoki nje bila kushika kikwembe changu nilichojifunga, na njia ya shule inapita penye mbwa wawili. Mwezi wa tisa masomo yanaanza. Mama mkwe amesema wazi: Kabange asipokwenda, Kyungu naye haendi, kwa sababu walitoka tumboni pamoja na mapasa hawatenganishwi.

Watoto wawili bila shule, kwa meno ya mbwa mmoja.

Nikawaza azoee mbwa mdogo, hapa kwetu, tangu mbwa angali mchanga. Kule kambini, Mama Sergent, mke wa askari kutoka Équateur, alikuwa na jike fupi la manyoya lililoachwa na mgeni mmoja aliporudi kwao. Halizidi kimo cha goti. Lilikuwa limezaa watoto watano.

Nilikaa chini pale asubuhi nzima. Kila mmoja nilimlaza chali, nikaweka mkono kifuani. Waliopigana na mkono wangu na kuuma niliwaacha. Nikaangusha kifuniko cha sufuria. Aliyekimbilia uvunguni na kukataa kutoka, nikamwacha pia. Nilimtaka anayeshtuka, kisha anarudi kunusa.

Mama Sergent alinitazama, akacheka. "Citoyenne, unachagua imbwa ao unachagua bwana?"

"Bwana sikumuchagua hivi," nikamjibu. "Njo maana leo naangalia muzuri."

Nikarudi na mmoja, jike, rangi ya majani makavu. Mama mkwe alimwangalia, hakumgusa. Akauliza wa pili yuko wapi. Wewe unajua kwetu: shati mbili, sahani mbili, hata bonbon mbili. Mapasa hawapewi kitu kimoja, maana aliyekosa atakasirika na kuugua. Sikuwa na nguvu ya kubishana. Siku ileile nilirudi kambini nikachukua wa pili, dume, mmoja wa wale waliouma.

Hilo njo kosa langu.

Walilala pamoja, wakala pamoja, wakasikilizana wao kwa wao. Nikiita, hakuna anayegeuka. Huyu akianza kuwinda visigino vya watoto, yule anamfuata. Kabange akahamia juu ya meza. Mimi nikafuta mikojo wiki nne, baba watoto yuko Luena kwa kazi ya reli.

Halafu asubuhi moja nikamtia dume ndani ya kikapu, nikamrudisha. Niliporudi, mama mkwe alikuwa anasonga bukari. Hakugeuka. Aliuliza ni mtoto gani nimemnyang'anya.

"Hakuna, mama. Ule imbwa iko yangu mie. Mapasa habana imbwa, bote babili."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Niliogopa, yaya, sitakudanganya.

"Bote babili," akasema. Akasonga tena kidogo. "Basi ikule ku mulango yako, hapana mu sahani yabo."

Tangu siku ile mbwa anakula mlangoni kwangu, sisi tukishamaliza, na lazima akae kitako kwanza. Akiuma mkono, nauondoa na kumpa mgongo. Simpigi. Majirani wanasema nimpe pilipili awe mkali. Nimekataa, wakali tunao wa kutosha. Watoto hawamgusi akila wala akilala.

Mimi mwenyewe sikumwita Kabange aje kwa mbwa hata mara moja. Kumnyamazia kulinichosha kuliko kufua.

Wiki jana alishuka mezani. Aliomba kama mgeni aliyefika mlangoni: je, anaweza kunishikia mbwa wangu? Nikasema atashika, kisha Kyungu, kwa zamu, muda sawasawa. Jana walimtembeza kwa kamba mpaka kona, mimi nyuma yao. Mbwa wa jirani akabweka nyuma ya ukuta. Wetu akashtuka, kisha akasogea kunusa ukuta. Mkono wa Kabange ulinyooka kutafuta kikwembe changu, ukarudi, ukashika kamba kwa mikono miwili.

Zimebaki wiki sita. Sijui kama zitatosha, lakini nimeanza kuhesabu viatu.

Ukipata mtu wa treni, nitumie hivi. Viatu vya shule jozi mbili, namba ileile, rangi ileile. Vikombe viwili vya bati vinavyofanana. Dawa ya minyoo ya mbwa mdogo, ueleze kwamba hazidi goti. Na mkanda wa shingo, mwembamba.

Mmoja tu, yaya. Ni wa mbwa wangu.