Damu Niliyoiita Safi

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, zikukute mzima wewe, shemeji na watoto. Mgongo unaendeleaje, au bado unainua wagonjwa peke yako kana kwamba wodi nzima haina muuguzi mwingine? Mimi sijambo. Mama naye hajambo, ila kila simu ikilia anauliza kama ni wewe. Miaka mitatu hujakanyaga kwake, tangu msiba wa Baba, shangazi aliposema mbele za watu kwamba ugonjwa uliuleta wewe, kwenye sare zako za hospitali. Nakuandikia kwa ajili ya hilo, lakini nivumilie kwanza nikueleze kazi yangu.

Maabara tunasafisha kingamwili, zile kinga zinazobaki kwenye damu ya mtu akishaugua. Tuna shanga nyeupe, ndogo kuliko punje ya chumvi. Kila moja imebandikwa kipande cha kirusi cha ugonjwa ule ule uliomchukua Baba, kipande kisichodhuru. Tunazijaza kwenye mrija mwembamba, tunamimina maji ya damu juu yake. Kingamwili za ugonjwa huo zinanasa, mengine yote yanapita. Tunasuuza, tunatia asidi kidogo, nazo zinaachia, zinadondoka tone kwa tone kwenye vichupa. Dada, sichoki kuyatazama matone hayo! Kwa macho ni maji matupu, lakini ukiyaweka kwenye mashine inayopima kingamwili, namba inapanda.

Mwezi uliopita zilikuja shanga mpya za kujaribu. Ilihitajika damu ya aliyepona, ambayo lazima inase, na ya mtu asiyewahi kuugua, ambayo isinase kitu. Hii ya pili ikakosekana. Unanijua mdomo wangu: nikajitapa kwamba Baba aliugua, Mama akaugua, mimi hata chafya. Nikakunja shati, wakanitoa damu.

Namba ikapanda. Nikacheka, nikadhani nimechanganya vichupa. Nikarudia, ikapanda. Mara ya tatu nikamwomba mkuu wa maabara afanye mwenyewe, nami nikakaa mbali, mikono mfukoni. Ikapanda vile vile. Tukaazima kwa maabara ya jirani damu iliyogandishwa tangu kabla ugonjwa huu haujajulikana. Hiyo haikunasa chochote. Basi shanga zilikuwa nzima, na ugonjwa wenyewe bado hauna chanjo ya kusingizia. Mkuu akaniambia kwa upole kwamba niliugua bila kujua. Nilishindwa kumtazama usoni.

Maana nilijua, Dada, ila nilikuwa nimejidanganya hadi nikajiamini. Wiki moja kabla Baba hajaanguka, nilirudi nyumbani na kikohozi cha siku mbili. Nikakisingizia vumbi. Nilimnyoa Baba ndevu, uso kwa uso, nikigeuka pembeni kukohoa, naye akanitania kwamba nitamchinja. Msibani, shangazi alipokunyooshea kidole, kikohozi kile kilinijia akilini, nikatazama chini. Ulijitetea kwamba kazini mnapimwa kila wiki na huna kitu. Kati ya watu wote mle ndani, mimi ndiye niliyekuwa na sababu ya kukuamini, na nikanyamaza. Shanga haziandiki tarehe, haziwezi kusema nani alimwambukiza nani. Tarehe ninazo mimi. Naona aibu, na nimekukosea sana.

Jana nilimwambia Mama. Alizima jiko, akakaa, akauliza mara mbili ilikuwa siku gani. Kisha akasema nisimlilie yeye, nikaandike barua. Jumapili ndugu wote watakuwepo hapa nyumbani, nami nitayasema haya mbele yao, shangazi akisikia. Sikuombi unisamehe leo.

Mama yuko hapa pembeni, ananiambia niandike kwamba siku ile hata yeye alinyamaza, ilhali yeye ni mama yako. Kwa hiyo Alhamisi anapanda basi la asubuhi kuja kwako, na anaomba usimfungie mlango.

Wasalimie wote wa kwako.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere